Muulize Mjomba: mita ya pH kwanza, kitalu nyumba baadaye

Mwezi uliopita niliropoka tu hapa kwamba stroberi na bluberi ni kilimo cha vipimo na sio cha kukisia, aisee maswali yamemiminika mpaka mhariri kaniuliza kama nimefungua chuo. Nimechagua machache. Waliouliza kuhusu forosadi za Pwani mnisamehe, zile naziheshimu sana, nimekulia chini yake midomo ikiwa ya zambarau, ila leo sio siku yake.

Shikamoo Mjomba. Nina miche 1,200 ya stroberi aina ya Chandler, dripu ya kumwagilia ipo, plastiki nyeusi juu ya matuta ipo. Majani mapya yanatoka ya njano ila mishipa ya jani imebaki kijani. Nimeweka urea mara mbili ndo kwanza yanazidi. Muuza dawa kaniambia ni virusi, ning'oe zote. Natumia maji ya kisima. Ning'oe? — Mama wa Matuta, Usa River

Marahaba mwanangu. Using'oe hata mmoja, na huyo muuza dawa msalimie tu kwa mbali.

Jani jipya la njano lenye mishipa ya kijani mara nyingi ni njaa ya madini ya chuma. Ingekuwa ni nitrojeni, njano ingeanzia kwenye majani ya zamani kule chini, kwa hiyo urea yako imeenda bure, pole. Na sio kwamba udongo wa mlima Meru hauna chuma, kipo kibao, ila kimejifunga na mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu maji yako yana magadi. Wewe ni wa Usa River, unajua meno ya watoto wa huko yanavyokuwa ya kahawia, ile ni floridi, mpaka serikali ikaweka kituo pale Ngurdoto cha kutafiti namna ya kuitoa kwenye maji. Sasa maji yenye floridi nyingi huko kwenu kwa kawaida yanatembea na bikaboneti, ndo magadi yenyewe, na sodiamu, ndo chumvi, na stroberi inataka pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ambacho kinapanda magadi yakizidi, ya kama 5.5 mpaka 6.5. Ukimwagilia maji ya pH 8 kila siku unaipandisha pH pale kwenye mizizi taratibu, na kumbuka kutoka 6 hadi 8 sio hatua mbili za kawaida, kila hatua ni mara 10, kwa hiyo ni mara 100.

Kwa hiyo kabla hujanunua chupa nyingine yoyote, nunua mita ya pH na mita ya EC, hii ya EC inapima chumvi. Zile za mkononi zinaingia mfukoni kama kalamu. Chota ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima, pima. Tuseme imesoma 8.1. Chukua sirinji na asidi ya fosforiki ya kilimo, weka ml moja, koroga, subiri kidogo, pima, weka nyingine, hivyohivyo mpaka isome 6. Kama umetumia ml 4 kwenye ndoo basi simtank ya lita 1,000 ni ndoo 50, yaani ml 200. Vaa glavu na miwani, na siku zote asidi ndo inaingia kwenye maji, usije ukamwaga maji kwenye asidi itakurukia usoni. Kuna watu wanatumia asidi ya betri kuukuu, hiyo ina madini ya risasi ndani, hapana kabisa. Alafu ile asidi na mbolea ya kalsiamu zisikutane zikiwa nzito kwenye ndoo moja, zitaganda unga mweupe na dripu zako zitaziba zote.

Nikuambie na aibu yangu. Msimu wangu wa kwanza mita yangu ilikuwa inasoma 6.2 kila siku, nikawa natamba, majani huku yanazidi kuwa kama ndizi mbivu. Jirani akaja na yake, ikasoma 7.6 kwenye ndoo ileile! Kumbe mimi tangu ninunue sijawahi kuirekebisha, na nilikuwa naiweka kavu juu ya friji. Kile kichwa cha mita kinatakiwa kikae kwenye maji yake maalumu ya chumvi, na kila wiki unakipima kwenye vile vipakiti vya pH 4 na pH 7. Mita isiyorekebishwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana unakosea huku unajiamini.

Kwa sasa hivi ipe miche chuma cha cheleti, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali ili kisijifunge kwenye udongo, lakini soma lebo, iandikwe EDDHA. Ile ya EDTA ni rahisi zaidi ila pH ikishavuka 6.5 hivi inaachia chuma na unarudi palepale. Na asidi inaua bikaboneti tu, sodiamu inabaki, na stroberi ni kati ya mazao yanayochukia chumvi kuliko karibu yote. Dawa ya sodiamu ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 100 ikinyesha milimita 50 ni kama lita 5,000, toa kidogo zinazopotea. Changanya na ya kisima nusu kwa nusu, angalia EC inavyoshuka. Udongo wenyewe peleka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, si mbali na wewe.

Mjomba habari ya huko Bongo. Mimi niko Limuru, nimejenga grinhausi, strawberry zangu maua ni mengi sana lakini matunda yanatoka yamepindapinda, mengine kama ngumi ya mtoto. Supermarket wananirudishia. Ni mbegu mbaya? — Baba Njeri, Limuru

Mzuri sana ndugu yangu. Chukua tunda moja lililopinda ukae nalo chini ya mwanga. Vile vidoti vya nje unavyoviita mbegu, kila kimoja kwa kweli ni tunda dogo kivyake, na kila kimoja kinataka chavua yake. Kikipata kinaamsha nyama iliyo chini yake inavimba, kisipopata pale panabaki pamenywea. Utaona upande uliovimba vidoti vimenenepa na viko mbalimbali, upande ulionywea vimebanana vimekauka. Umeona? Hiyo sio mbegu mbaya, hiyo ni nyuki hakuja.

Na atakujaje, umefunga neti pande zote na mwezi wa saba Limuru ni ukungu na baridi, nyuki wa asali kwenye baridi hiyo hatoki nyumbani. Wazungu wananunua maboksi ya wale nyuki wanene wenye manyoya wanaofanya kazi hata kukiwa baridi, lakini hao huku kwetu kusini mwa Sahara hawapo kiasili, na nyuki wetu wa asali ukimfungia kwenye grinhausi na vibarua wako, utabaki na nyuki tu. Fungua neti mchana jua likitoka, na ufikirie nyuki wadogo wasiouma. Hapo jirani yenu Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Kasarani, wamewafanyia kazi miaka mingi hasa upande wa Kakamega, wanakaa kwenye kiboksi kidogo na hawamng'ati mtu. Ila hao nyuki wa Kakamega wametoka kwenye joto, Limuru uwawekee kiboksi chenye kuta nene na usitegemee miujiza mwezi wa saba. Siku za baridi kabisa pita na brashi laini ya kujipodoa ua kwa ua, au blowa ndogo, saa nne tano hivi ua likiwa kavu. Matone yanayodondoka kutoka kwenye nailoni yanalowesha chavua, kwa hiyo hewa izunguke. Na dawa usipulize asubuhi maua yakiwa wazi, nakuomba.

Mambo vipi Mjomba. Kuna jamaa mtandaoni anauza miche ya bluberi, anasema Peru wametajirika na Njombe ni baridi itatoa zaidi. Anataka nichukue miche 500, nitumie pesa kwanza. Nina ekari mbili za baba. — Kijana wa Njombe

Poa mpwa wangu. Tuanze na Peru maana jamaa hajadanganya, kakuambia nusu. Ni kweli Peru ndani ya miaka kama kumi tu imetoka karibu na sifuri ikawa inaongoza duniani kwa kuuza bluberi nje, ikawapita Chile ambao ni wakongwe. Lakini wamelima wapi? Jangwani, kule La Libertad pwani, mchanga mtupu, maji yanaletwa kwa mradi mkubwa wa mifereji unaoitwa Chavimochic. Baridi hawana! Walichofanya ni kuchukua aina zisizohitaji baridi kubwa kama Biloxi, ambayo idara ya kilimo ya Marekani iliitoa 1998, kisha kila mche wakaulisha chakula chake kwa dripu kwa kipimo. Bluberi za zamani za Marekani zilikuwa zinataka mamia ya masaa chini ya nyuzi 7 ndo zikubali kutoa maua, hizi mpya zinatoa hata bila hayo. Kwa hiyo baridi ya Njombe sio sifa unayoitafuta, tena ule umande unaoganda mwezi wa sita unaweza ukachoma maua yote usiku mmoja.

Kitu ulichonacho wewe ambacho jamaa hajakuambia ni misitu ya Sao Hill. Bluberi inataka pH ya 4.5 hadi 5.5, inataka hewa kwenye mizizi, na mizizi yake ni laini haina vile vinywele vya kunyonya ambavyo mahindi yanavyo, ndo maana udongo mzito unaishinda nguvu. Wengi wanaagiza kokopiti, ule unga wa makapi ya nazi wa kupandia badala ya udongo, kutoka India na Sri Lanka, na hata ile ukiipata lazima uioshe na kuiloweka na kalsiamu nitreti kwanza kwa sababu inakuja na chumvi. Sasa wewe jirani yako pale Mafinga kuna misitu ya paini ya Sao Hill na viwanda vya mbao, maganda ya paini yanatupwa au yanachomwa, na maganda ya paini yaliyooza vizuri ni chakula cha kiasili kabisa cha bluberi, asidi yake iko palepale inapotakiwa. Yavunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yaloweke, nyunyizia nitrojeni kidogo, yageuze, yaache miezi kadhaa. Ukiyatumia mabichi yatakula nitrojeni yote mche ubaki na njaa.

Weka kwenye ndoo au mifuko ya lita 25 hadi 30 yenye matundu chini. Mbolea ya nitrojeni iwe salfeti ya amonia na sio CAN, bluberi haipendi nitreti. Na anza na miche 20. Ndio, 20, usinune. Mche unachukua mwaka wa pili wa tatu ndo uone mavuno ya maana, hizo 500 utazilisha nini muda wote huo na ekari ni za mzee?

Kuhusu jamaa: mwambie akupe jina la aina, sio "bluberi ya kisasa". Aina mpya nyingi zina hakimiliki na Tanzania iko UPOV, ule umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015, ukizalisha miche ya mtu bila leseni ni kesi. Muulize kibali cha kuingiza miche kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, akuonyeshe karatasi. Akianza kusema "bro mbona huniamini" ndo jibu lako hilo. Ukitaka kuona bluberi za biashara kwa macho, panda basi, Kenya wapo, kampuni ya Kakuzi kule Murang'a wanalima, watu wa parachichi na makadamia hao wameongeza na hii.

Mjomba kuna app ya simu unapiga picha jani inakuambia ugonjwa. Inafaa kwa stroberi? — Dada Mjanja, Iringa

Inategemea imefundishwa na nini. Ile Nuru ya PlantVillage inaongea Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti, nzuri sana, lakini ilianza kufundishwa kwenye muhogo. App ya muhogo ukiionyesha stroberi itakujibu tu, kama mlevi, kila swali ana jibu.

Kwa stroberi nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Geuza jani lenye rangi ya shaba, angalia chini. Ukiona vidudu vinatembea na utando kama wa buibui ni utitiri, na ukipulizia dawa kali ya wadudu unaua wanaomla utitiri yeye anabaki anasherehekea. Thika kule Kenya wanafuga utitiri mlinzi, unanunua kwenye chupa unawanyunyiza juu ya majani wanamla mwenzao. Hii mimi ndo naiita teknolojia.

Mambo Mjomba! Niko Kent, Uingereza, nachuma stroberi msimu wa tatu huu. Shamba la jirani wameleta roboti za kuchuma. Najiuliza nijipange nirudi nyumbani nikafungue la kwangu na roboti zangu? — Mchumaji, Kent

Roboti waachie, mwanangu. Hizo mashine kama za kampuni ya Dogtooth ya hapo Uingereza zina kamera inayoangalia rangi na mkono unaokata kikonyo, haziguswi na usiku wala jumapili, lakini ziliumbwa kwa sababu huko mchumaji ni ghali na hapatikani. Nyumbani shida yetu sio hiyo.

Ila angalia roboti inachuma wapi. Inachuma kwenye meza! Umechuma misimu mitatu umesimama wima, tunda linaning'inia usawa wa kifua, mizizi iko kwenye mfuko wa kokopiti juu ya mfereji, maji yaliyozidi yanakusanywa chini. Hicho ndo cha kuja nacho. Huku mama anachuma stroberi ameinama kutwa nzima mgongo unakatika, matunda yamelala kwenye matope yanaoza. Meza unaweza kutengeneza kwa mirunda na bati lililokunjwa. Kabla hujarudi piga picha za viungio vyote, urefu, mteremko wa ule mfereji, nafasi kati ya dripu na dripu, na muulize msimamizi anaendesha EC ngapi maua yakitoka na ngapi matunda yakiiva. Hayo ni mtaji kuliko roboti.

Shikamoo Mjomba. Sisi kikundi cha akina mama Lushoto tunatuma stroberi Dar kwa basi. Tunachuma saa nne, tunaweka kwenye ndoo, zikifika kesho yake nusu zina ukungu wa kijivu na maji yanatoka. Mnunuzi anatulipa nusu. Tununue gari la baridi? — Mwenyekiti, Lushoto

Marahaba mama. Gari la baridi ndo kitu cha mwisho, maana gari halipozi tunda, linatunza ubaridi wa tunda lililokwisha poa. Mnaanzia katikati.

Saa nne jua limeshapiga, tunda mnalochuma lina joto la moto, lishike utajua. Mnalimwaga kwenye ndoo, ya chini yanabeba ya juu, yanapasuka, mnafunika. Basi likishuka zile kona mpaka Mombo joto linalipokea kama mmefungua oveni. Ule ukungu wa kijivu ulikuwepo tangu kwenye ua, ulikuwa unasubiri joto na unyevu tu, mmempa vyote.

Kesho mchume asubuhi na mapema umande ukishakauka kidogo lakini jua halijachoma, tunda likiwa jekundu robo tatu hivi au zaidi kidogo, mkikumbuka stroberi ikishachumwa haiivi tena, inabadilika rangi tu utamu hauongezeki. Bana kikonyo kwa kucha, msivute tunda. Liende moja kwa moja kwenye kikasha cha robo kilo chenye matundu, lisihamishwe tena, na lisioshwe, kuosha ni kwa mlaji. Vikasha vikae kivulini hata kama ni chini ya mti.

Kisha chumba cha kupozea. Kuna kifaa kinaitwa CoolBot, kinafungwa kwenye AC ya kawaida ya dirishani au ukutani. AC ikifika 16 hivi huwa inajizima, hiki kinaipashia sensa yake joto kidogo ijione bado chumba cha moto, basi inaendelea kupoza mpaka nyuzi 4 au chini ya hapo. Chumba kiwe kidogo, kuta mbili na foma katikati, mlango unaobana. Ndani wekeni feni ivute hewa ipite KATI ya vikasha na sio juu yake, bila hivyo kikasha cha katikati kitachukua masaa na masaa kupoa. Stroberi inapenda kukaribia nyuzi 0 kabisa, hiyo 4 sio kamili ila kwa mlichonacho sasa hivi ni mbingu na ardhi. Toka hapo ziingie kwenye boksi la foma na barafu iliyofungwa vizuri isidondokee tunda, ndo basi. Umeme ukikatika sana, kile kibanda cha mkaa unaomwagiwa maji kinasaidia kutoa joto la shamba, hakifiki baridi ya AC lakini Lushoto kwa hewa ile kinajitahidi.

Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya tunda mnunue kabla ya chochote, mama. Mwandike: limechumwa na joto gani, limeingia chumbani saa ngapi, limetoka na joto gani. Mkiwa na daftari la wiki tatu na huyo mnunuzi anayelipa nusu mtaongea naye lugha nyingine.

Mjomba, tunda zuri kwa nje, nikikata ndani kuna funza mweupe mdogo. Inzi wa maembe? — Nakuru

Huyo huenda ni mwingine. Kuna kainzi kadogo kama wale wa ndizi mbivu, dume lake lina doti moja nyeusi kwenye kila bawa, anaitwa *Drosophila suzukii*. Watafiti waliripoti 2021 kwamba yupo Kenya, na walimkuta huko huko kwenu kaunti ya Nakuru. Tofauti yake na wenzake ni kwamba jike ana msumeno wa kutagia, hasubiri tunda lioze, anatoboa likiwa bado kwenye mche.

Tundika chupa zenye matundu madogo, ndani siki ya tufaha na tone la sabuni, uone unakamata nini. Matunda yaliyoanguka usiyaache chini wala usiyatupe kwenye mboji, yafunge kwenye nailoni uyaanike juani. Na kabla hujapeleka mzigo sokoni, chukua kiganja cha matunda, yaponde kidogo, mimina maji yenye chumvi nyingi kwenye bakuli jeupe, uyaache robo saa. Kama wapo watatoka wenyewe waelee juu.